Baba, Tumechukua Dabo Kebini

Baba,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: kila nilipong'ang'ania kwamba gari letu jipya liwe dabo kebini, moyoni nilikuwa naomba usikubali.

Shikamoo. Najua ningeanza na salamu. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila nikianza na salamu nageuka mwoga, nakueleza habari za mvua na mitihani, halafu naikunja karatasi. Safari hii nimeanza na lile gumu.

Unakumbuka pikapu yako ya zamani. Singo kebini, siti moja ndefu mbele, na kati yako na abiria wa dirishani ndipo palikuwa mahali pangu. Likizo zote tuliposhuka kutoka nyumbani Mkumbi kwenda kwa Bibi kule Lundo, mahindi na maharage yakiwa mgongoni mwa gari, nilikaa pale, miguu nimeipeleka upande, fimbo ya gia mbele ya magoti yangu. "Skola, sogeza goti, namba mbili inakuja." Ulisema hivyo kila tulipoanza kushuka kuelekea ziwani. Baadaye hukuwa na haja ya kusema. Nilikuwa naisikia injini ikibadilisha sauti, nasogeza goti kabla mkono wako haujafika. Hakuna kitu nilichowahi kukijua vizuri kuliko hicho, hata darasani, ambako watu wanadhani najua vitu vingi.

Na pale ndipo tulipolijenga gari letu jipya, kwa maneno tu.

Ulianza wewe, siku tuliyokwama kwenye tope la Ukata tukisubiri watu watoke shambani waje kutusukuma. Ulikuwa umeketi kwenye gunia, suruali imejaa matope hadi mapajani, ukasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai hotelini: "Gari letu jipya litakuwa na matairi ya kashata." Nikauliza kama ni kashata ya kula. Ukanionyesha kwa ngumi zako yale mavimbe makubwa ya mpira yanavyoung'ata udongo. Nikauliza, na nini tena? Tangu hapo kila safari ilituongezea kitu. Kwenye mto ule kabla ya Lundo, maji yalipotufikia mlangoni, tuliongeza mkonga, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo ili injini ivute hewa ya juu. Tukirudi na magunia ya usipa, wale dagaa wakavu wa ziwani, gari limekaa kama kuku anayetaga na taa zinamulika vilele vya miti badala ya barabara, tuliongeza jani moja la chuma kwenye springi za nyuma. Mvua ilipotulowanishia usipa wote wa Bibi, tuliongeza vyuma imara vya kubebea turubai. Mimi niliomba kirafu kidogo cha vitabu, na hukuuliza cha nini. Ulisema, "Kimeshafungwa, mwanangu. Endelea." Ngao tu, yale mabomba ya chuma ya kukinga pua ya gari, ndiyo uliyoikataa. "Ngao ya nini? Ya kutishia mbuzi?"

Ila kwenye kebini hatukuelewana. Mimi nilitaka dabo, yenye siti ya pili nyuma ya dereva. "Gari ni mgongo, Skola. Mbele ni pa kushikia usukani tu." Mimi nilikujibu kama niko kwenye mdahalo shuleni. Mama atakaa wapi? Na mdogo wangu Menas je, akikua? Na Bibi akienda kliniki Mbinga, apande nyuma na magunia? Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukacheka. "Umeshinda kwa hoja. Lakini gari ni singo." Nami nilinuna hadi tulipoliona ziwa, na ndani yangu nilikuwa na furaha, kwa sababu kwenye dabo kebini watoto hukaa nyuma. Hakuna mtu wa nyuma anayeambiwa asogeze goti.

Hilo ndilo ambalo sikukwambia. Sikumwambia mtu.

Ulipougua nilikuwa bwenini. Unajua zaidi yangu yaliyotokea siku ile, mimi nina maneno machache tu ya Mama. Pikapu ilikuwa gereji, gia boksi imefunguliwa iko chini. Jirani alileta yake, singo kama yetu. Hukuweza kukaa. Wakatandika godoro nyuma, wakakulaza, na mvua ikaanza kabla hamjafika barabara kuu. Mama alinisimulia mara moja tu, tukianua kahawa, bila kuniangalia. Alisema alikushikilia turubai juu ya uso njia nzima. "Mikono ilikufa ganzi, lakini sikuishusha." Kisha akaendelea kukusanya kahawa.

Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, si barabara iliyokuua. Namwamini. Sisemi kwamba ungepona, Baba. Ila ungefika ukiwa mkavu.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Pikapu yako tumemuuzia fundi, ameichukua kwa ajili ya vipuri. Siku alipoivuta nilikaa chumbani nikijifanya nasoma. Baba mdogo amepanda kutoka Lundo, anakaa nasi, na ndiye anayesafirisha mizigo. Anaendesha vizuri, ila anapiga honi hata kwa kuku. Menas ameng'oka meno ya mbele na hataki kutabasamu kanisani. Kahawa ya mwaka huu ilikuwa nzuri, na Baba mdogo akaweka na fedha yake ya samaki, wakaamua na Mama kwamba safari hii tusinunue gari lililochoka kwa watu wengine. Tuagize jipya, la dizeli, la kazi ngumu. Wakala wa Songea akatutumia karatasi za kuchagulia, zote kwa Kiingereza. Nikaitwa sebuleni nikazisome.

Ungecheka. Nilisimama kama nasoma somo la Misa. Nikafika kwenye kifaa kinachoyafanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja kwenye tope, nikatafsiri kwa uangalifu: "Kufuli la mgawanyo wa nguvu katika ekseli ya nyuma." Baba mdogo akamtazama Mama, akanitazama mimi. "Sema difu loku, mwanangu, tuelewane. Weka." Tukaweka. Gia za mkono, si za kujibadilisha zenyewe. Tangi la pili la dizeli. Chujio linalotenga maji, kwa sababu ya dizeli ile ya kwenye madumu. Mkonga. Karibu kila kitu chetu kilikuwemo kwenye zile karatasi, Baba, kimechorwa na kupewa jina, na mimi nilikuwa nasoma kama mtu anayekuta nyumba aliyoiota imejengwa kando ya barabara. Kwenye rangi Mama alisema nyeupe itaonyesha vumbi. "Shemeji, vumbi la huku linaonekana hata kwenye gari jekundu," akasema Baba mdogo. Ikawa nyeupe.

Halafu nikageuza ukurasa wa kebini.

"Hapo usituchoshe," akasema Baba mdogo. "Singo. Kaka alitaka singo, kila mtu anajua. Tunanunua gari lake." Hakuwa akijifikiria yeye. Alitaka kukupa kitu, na hicho ndicho alichokuwa nacho. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa, ila mikono ilisimama. Nilisubiri aseme. Angewezaje kubishana na marehemu mumewe mbele ya mdogo wake?

Baba mdogo akanigeukia. "Skola, wewe ndiye ulikuwa unapanga naye njiani. Alisema nini?"

Unajua ninavyokuwa watu wakinitazama. Masikio yanawaka moto, maneno yanakwisha. Ningeweza kujibu neno moja tu la kweli, nikakaa. Neno hilo lingekuheshimu wewe, lingemfurahisha Baba mdogo, na lingenirudishia siti ile ndefu na mahali pangu katikati, karibu na fimbo ya gia. Nilikuwa napataka, Baba. Bado napataka. Kuna wakati nikiwa darasani naupeleka mguu upande bila kujua, hadi jirani yangu ananiuliza kama nimebanwa.

Nikaitazama mikono ya Mama kwenye ungo.

Nikasema, "Ni kweli alitaka singo. Hakubadilika hata siku moja. Lakini mimi nilibishana naye miaka yote, akawa ananishinda. Safari hii naomba nishinde mimi." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikujua namna ya kunyamaza, nikasema kwamba njia yetu ni ndefu na mvua ni nyingi, na mgonjwa hawezi kulala kwenye siti ya mbele ya singo.

Nje Menas alikuwa anamfukuza kuku. Baba mdogo alijikuna kidevu kama ulivyokuwa ukijikuna wewe. Mama ndiye aliyesema, akiutazama ungo bado. "Andika dabo." Mikono yake ikaanza tena kazi.

Nikaandika. Baba mdogo akasema basi angalau tumwachie ngao, na taa za juu. Nisamehe, Baba. Mbuzi wa Mkumbi watatishika.

Gari lilifika wiki iliyopita, likapitia kwanza gereji ya Mbinga. Limefungwa matairi ya kashata. Limeongezwa jani la springi, na vyuma vya turubai vimechomelewa vizuri, nilivitingisha mwenyewe. Fundi alipouliza kama kirafu kile ni cha spana, Baba mdogo akamjibu, "Cha vitabu. Usiulize." Kumbe ulimwambia. Sikujua kama uliwahi kumwambia mtu.

Mbele kuna siti mbili zilizoachana. Katikati, pale pangu, pana kisanduku chenye kifuniko cha kuwekea vitu vidogo. Baba mdogo ameshaweka karanga.

Nakuaga hapa, Baba. Tukishuka Lundo nitakuja hadi ulipolala nikusomee barua hii kwa sauti, kama upepo wa ziwa utaniruhusu. Nakuahidi hivi: nikifikisha umri wa leseni nitajifunza kuendesha kwenye mteremko ule ule, na siku nitakayoshika usukani mimi, mgonjwa wa nyumba yoyote ya njia hii atalala kwenye siti ya nyuma, hata kama magunia yanasubiri. Na sitanuna kukaa nyuma. Nitajaribu.

Jana, kabla hawajalipeleka gari kwa padre kubarikiwa, nilifungua mlango wa nyuma nikavua viatu. Nikalala kwenye siti, kichwa upande wa dereva. Mimi ninaenea nikikunja magoti kidogo. Wewe ulinizidi urefu wa kichwa kizima, ungeyakunja zaidi, lakini ungeenea. Mama alikuja akasimama mlangoni. Hakuniuliza ninafanya nini. Alifungua kitenge cha begani, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa changu, akausukuma mlango taratibu na kwenda kukaa mbele. Baba mdogo akawasha. Nilibaki nimelala, natazama dari jipya lisilo na doa hata moja. Tukatoka uwanjani, tukaanza kushuka kuelekea kanisani, injini ikabadilisha sauti, na kabla hajaingiza namba mbili, goti langu likasogea lenyewe.