Historia Ilikuwa ya Wade

Laurel Gap, Pennsylvania
11 Juni 2016

Baba,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo unakuacha upate usingizi na bustani umeshaipanda. Sisi tupo. Mjukuu wako Maren hajambo, anakula. Mimi pia nakula. Kila anayekutana nami ananiuliza hilo, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza.

Najua barua hii itakushangaza. Tangu Wade afariki Februari nimekuandikia mara moja tu, kukushukuru kwa maua, na kabla ya hapo wewe na Wade, mwanao, mlikaa miaka saba hamsemezani. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa sababu umefundisha historia miaka thelathini na minne, na sina mwingine wa kumuuliza.

Tangu tumtoe Maren shule, hapa nyumbani hesabu, sayansi na uandishi nafundisha mimi. Historia ilikuwa ya Wade. Hakutumia kitabu. Akishashuka kwenye lori lake la kukusanya maziwa mashambani anavua buti mlangoni, anaketi na Maren mezani, wanaongea mpaka chakula kinapoa. Jumanne alikuja Bi. Pruitt, yule mwalimu anayekagua faili la Maren kila Juni kama sheria ya jimbo inavyotaka. Akafunua upande wa historia, akakuta umeishia tarehe nane Februari. Akalifunga faili. Akaniambia, "Mwaka huu nimeona ya kutosha, Corinne. Mwakani nitahitaji kuona zaidi."

Mwakani Maren yuko darasa la kumi na moja, mwaka wa historia ya Marekani. Faili lisipotosha, wilaya inaweza kuamuru arudi shule. Maren anasema wakimrudisha ataenda, atakaa kwenye kiti, na hatafungua mdomo miaka miwili. Namjua, ataweza.

Kabla ya tarehe mosi Agosti natakiwa niape kwa maandishi nitamfundisha nini. Nimeagiza sampuli za mitaala mitatu. Nazisoma. Nafika mwisho wa ukurasa, sijui nimesoma nini. Zote zimo humu kwenye bahasha, pamoja na nakala ya daftari la Maren uone Wade alifika wapi. Niambie tu nichukue upi. Si lazima useme lingine.

Mkweo,
Corinne


Corbett's Run
20 Juni 2016

Binti yangu Corinne,

Nimepata barua yako. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Nyanya nimepanda, sungura wanakula, nami nawaangalia wakila.

Umeuliza mitaala, nakujibu mitaala.

Ule wa kwanza, wenye jalada la tai: mwandishi wake anajua Mungu aliwaza nini kila mwaka tangu Wazungu washuke melini, na kila mara Mungu aliwaza kama mwandishi. Watumwa wamepewa nusu ukurasa, na wanaitwa wafanyakazi walioletwa. Nami ni mtu wa kanisa, usinielewe vibaya. Urudishe.

Wa pili, ule mnene: kitabu hicho nimekifundisha miaka ishirini kikibadilishwa jalada tu. Hakina uongo mwingi. Wanafunzi wangu walikuwa wanalala wamekifungua ukurasa sahihi.

Wa tatu una maandishi ya wenyewe waliokuwepo: barua, ushahidi wa mahakamani, matangazo ya kutafuta watumwa waliotoroka, shajara za wake za wachimba makaa. Mtoto anasoma, anauliza nani kaandika, kwa nini, na nini hakukisema. Huo ndio mzuri kuliko yote. Lakini haufundishiki kwa mtoto kuachwa peke yake na karatasi. Lazima awepo mtu wa kukaa naye mezani na kubishana naye. Nani atakaa naye?

Daftari bado sijalifungua.

Baba yako,
Emmett


Laurel Gap
27 Julai 2016

Baba,

Hujambo? Joto la huko likoje? Hapa tumezima jiko, tunakula mkate na mahindi ya kuchemsha. Hatuumwi.

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako niliiweka juu ya friji, nikawa naiona kila siku.

Nimechukua ule mnene. Najua ulivyosema. Una maswali kila mwisho wa sura, na majibu nyuma ya kitabu. Uliuliza nani atakaa naye. Mimi siwezi, Baba. Hesabu naweza, kwa sababu jibu likipatikana tunainuka. Lakini kile kiti cha Wade na yale maongezi siwezi.

Kitabu kilifika wiki mbili zilizopita, nikamwambia aanze mapema. Anamaliza sura moja kila asubuhi, na kila sura anapata mia kwa mia. Jana nilimkuta kafungua nyuma ananakili majibu, wala hakuficha. Akaniangalia, nikamwangalia.

Akasema, "Si ndicho unachotaka, Mama? Faili lijae?"

Nikatia saini ukurasa wake.

Halafu akaniuliza, "Ni kweli Babu ndiye anayekuchagulia vitabu?"

"Nilimwomba ushauri."

"Si ndiye aliyesema nitakuwa mjinga?"

Nilidhani hajui. Kumbe siku ile Wade alipokuja kwako, yeye alikuwa kwenye ngazi, anasikia. Alikuwa na miaka tisa. Nikaendelea kukunja nguo. Nakuandikia kwa kuwa naona ni haki yako kujua kwamba anajua.

Kiapo nimekipeleka leo.

Mkweo,
Corinne


Corbett's Run
6 Agosti 2016

Corinne binti yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Hii ni mara ya nne naianza.

Ni kweli nilisema. Maren alikuwa na kigugumizi, na mwalimu wake akawa anamsimamisha mbele ya wenzake mpaka sentensi iishe, hata ikichukua dakika kumi. Wade akamtoa shule. Akaja kwangu kuniambia, nikamjibu kwamba ndivyo watoto wanavyokomaa, na kwamba yeye anakwenda kumlea mjinga jikoni. Shule ile ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, Corinne. Nilimsikia kama ananiambia maisha yangu yote ni uchafu. Hakuniambia hivyo. Aliniambia tu mtoto analia asubuhi.

Kuna jambo jingine sidhani alikusimulia. Wade alisoma darasa la kumi na moja kwangu. Alikuwa analala. Nilimfelisha historia mwanangu mwenyewe, akaurudia mwaka, ili walimu wenzangu wasiseme nampendelea. Wala hakulalamika. Tangu hapo hakuniuliza tena kitu chochote cha zamani, nami nikasema moyoni, huyu historia haimo.

Wiki iliyopita nimelifungua daftari.

Ukurasa wa kumi na moja Maren ameandika habari za mafuriko ya Johnstown ya mwaka 1889, yaliyoua watu zaidi ya elfu mbili, na msichana wa miaka kumi na tisa aliyeosha maiti kwenye jengo la shule siku tisa mfululizo, na kwamba maisha yake yote yaliyobaki hakuweza kuvumilia harufu ya sabuni ya kufulia. Msichana yule alikuwa bibi yangu. Habari ile nilimsimulia Wade nikiwa nampeleka kwa daktari wa meno, ana miaka minane, ili asiogope. Darasani sikuisimulia hata mara moja. Haikuwa kwenye mtihani. Kurasa zinazofuata ni hivyo hivyo. Karibu nusu ya daftari ni maneno yangu ya garini. Yale ya darasani hayamo.

Kiapo chako kinasema historia ya Marekani, hakisemi kitabu gani. Uagize ule mtaala wa tatu. Kwangu mpaka kwenu ni saa mbili na dakika kumi kwa gari. Naweza kuja kila Jumanne. Sitakaa kwenye kiti cha Wade, nitaleta changu.

Lakini usiniruhusu wewe. Muulize Maren.

Baba yako,
Emmett


Laurel Gap
15 Agosti 2016

Baba,

Salaam. Tuko salama. Mvua imenyesha siku tatu.

Nilimpa Maren barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma dirishani mpaka mwisho, akaikunja. Nikamuuliza, "Unasemaje?"

"Aje," akasema. "Lakini mwambie nina kigugumizi bado, kinakuja nikikasirika. Na mwambie huenda nikakasirika."

"Lingine?"

"Kusema nimemsamehe usiseme. Sijasema hivyo."

Basi nimekufikishia kama alivyosema. Mtaala nimeuagiza. Kiti usilete, tunavyo vya kutosha.

Mkweo,
Corinne


Corbett's Run
8 Septemba 2016

Corinne binti yangu,

Habari za tangu Jumanne? Nilifika salama. Ule mkate wa maboga ulionifungia nimeula wote njiani, nakiri.

Nakuandikia kwa sababu mezani kwako nilishindwa. Ulipotoka kuanika nguo tulikuwa tumeshika lile tangazo la mtumwa aliyetoroka. Nilimwambia Maren, soma, uniambie mwandishi ni mtu wa namna gani. Akasoma. Akaanza kunijibu, neno likakwama. Mikono yangu ikataka kumsaidia, ulimi ukataka kummalizia sentensi, nikajizuia vyote viwili. Nikaangalia tangazo. Sijui ilichukua muda gani. Hatimaye akasema, "Anamjua kila kovu mwilini na alivyolipata. Basi na yeye alikuwepo mtumwa akipigwa."

Miaka thelathini na minne, sikuwa na mwanafunzi aliyenipa jibu hilo. Nilimwambia hivyo. Hakufurahi wala hakuchukia. Akaniuliza, "Mazishini ulikuja?"

Nikamwambia, nilikuja. Niliegesha ng'ambo ya kanisa, nikakaa garini. Niliwaona mnaingia, niliwaona mnatoka. Nilishika kitasa cha mlango mara kadhaa. Mlipoondoka kwenda makaburini nikageuza gari nikarudi nyumbani, nikanunua maua kwa simu.

Akasema, "Gari la rangi gani?"

"La kijani."

"Nililiona," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka ulijue kutoka kwangu. Jumanne nakuja, labda unikataze.

Baba yako,
Emmett


Laurel Gap
19 Novemba 2016

Baba,

Shikamoo, na pole na mafua. Umefanya vizuri kutokuja wiki hii, barabara ya mlimani imeganda. Kunywa vya moto. Maren anakusalimu. Anasema ubishi wenu wa mgomo wa wachimba makaa haujaisha na asikusikie unajifanya umeshinda.

Uliacha umempa kazi: amhoji mtu aliyekuwepo siku ya tukio, aandike ushahidi wake. Nilidhani atakwenda kwa mzee Yoder aliyepigana Korea. Alhamisi asubuhi nilikuwa naosha sufuria, akaja na kalamu na karatasi, akavuta kiti. Akasema, "Mama, nimekuchagua wewe. Tarehe nane Februari. Ukichoka tunaacha."

Hakuna aliyeniuliza habari za siku ile, Baba. Wamekuja watu wengi na vyakula, wakanikumbatia, wakasema pole, wakasema hujui siku wala saa. Wewe mwenyewe hukuniuliza. Miezi tisa nimetembea nayo kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, hasikii maumivu, hasikii chochote.

Akaniuliza ilikuwa saa ngapi. Nikasema saa tano kasoro. Akauliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa natafuta kifuniko cha birika. Nani alinipigia simu? Bwana Lantz, mwenye shamba la mwisho kwenye njia ya Wade ya maziwa. Alisema maneno gani, yale yale? Alisema, "Corinne, Wade yuko hapa getini kwangu, lori liko kimya, na mimi nimekaa naye." Akauliza yeye Bwana Lantz aliona nini. Nikamwambia alichoniambia: Wade aliegesha kando, akavuta breki, akawasha taa za tahadhari ili mtu asije kumgonga kwa nyuma. Kisha moyo ukasimama. Mkono mmoja ulikuwa mapajani, mwingine kwenye swichi ya taa.

Maren akaandika yote. Kigugumizi hakikuja hata mara moja. Akanisomea tangu mwanzo, akauliza, "Kuna kosa?"

Nikamwambia lipo moja. Ameandika kwamba nililia, na mimi siku hiyo sikulia. Nilizima jiko, nikavaa koti, nikaenda. Akakata mstari juu ya neno lile, akaandika hivyo.

Ndipo nikaanza. Nililia nimesimama na sufuria mkononi, povu linanidondokea viatuni. Maren hakunigusa, akanisubiri, kama ulivyomwambia shahidi asubiriwe. Nilipomaliza niliona maji ya kuoshea yamepoa, na vidole vinaniuma kwa baridi. Nikamwambia vinauma. Akasema, "Niandike na hilo?" Nikasema andika.

Nakala nimekuwekea humu. Ni kurasa nne. Soma ukiwa umekaa. Ni mwanao, na nilipaswa kukuambia mapema, wewe nawe ulipaswa kuniuliza.

Maren anasema ushahidi wa mtu mmoja haujengi habari, wewe ndiwe uliyemfundisha. Anataka kujua siku ile wewe ulikuwa wapi, nani alikupigia, na ulifanya nini baada ya kuweka simu chini. Nimemwambia huenda usitake. Akasema atakuuliza taratibu.

Barabara ikifunguka atakuja yeye kwako, nitamwendesha mimi. Tutafika kabla ya chakula cha mchana.

Binti yako,
Corinne