Kivuli Pale Soko la Mbwa

Baba,

Mmbone hapa. Nimerudi chuoni. Najua ungecheka kwanza, kisha uulize gazeti nimemwachia nani. Sijamwachia mtu. Mchana naandika kesi za mashamba na mikutano ya kaunti, jioni napanda ngazi za chuo kikuu hapa Kakamega mjini, miwani ya kusomea usoni na ya ubaoni mfukoni. Wanafunzi wenzangu wananiita Mathe, yaani mama. Mmoja aliniita Shosho, nyanya kabisa. Hajarudia.

Somo kuu ni mawasiliano, shahada ile niliyoiacha nilipopata kazi, nawe ukakasirika. Lakini kila mwanafunzi huchukua na somo la pili, dogo, la kubeba pembeni. Walionishauri walitaka nichague jepesi. Nikachagua usanifu wa mazingira: namna ya kupanga mahali ili watu, miti, maji na jua vikae pamoja bila kugombana. Kuna kuchora, Baba. Mistari yangu ya kwanza ungedhani nimeichora nikiwa juu ya bodaboda.

Mradi wa mwisho ulikuwa huu: chagua mahali pa watu wengi, papange upya, kisha uwapelekee wanaopatumia mchoro wako. Wakiukataa, hakuna alama, na bila alama hizo somo lote linaniponyoka. Nilichagua soko la mbwa la Lubao. Pale pale uliposimama maisha yako yote, jua likikupiga utosini, kamba za mbwa mkononi, ukimwapia mteja kwamba huyu wa kahawia hajawahi kufumba jicho usiku. Watu wa soko walikuwa tayari kupanda miti. Walichosubiri ni mchoro.

Nao ulikuwa mzuri, nasema bila haya. Miti ya lusiola upande wa magharibi kuzuia jua la alasiri. Mfereji wa maji ya mvua. Birika la mbwa kunywea. Na katikati, pale mnapobishania bei, murembe mmoja. Nilikuwa na sababu zangu. Unachomeka kijiti tu, unashika. Maua yake mekundu yanaonekana toka barabarani. Gome lake lina miiba, kwa hivyo hakuna atakayeufungia mbwa kamba auchubue. Mwalimu wetu, ambaye si wa huku, aliusifu. Mimi wa huku nilijua vizuri kwamba chini ya murembe ndipo wazee walipowaapisha watu, na aliyedanganya hapo alijua kinachomngoja. Nilidhani siku hizi hakuna anayejali.

Rafiki yako Shivachi anajali. Bado anauza mbwa, na bado anavaa koti lile la mvua hata jua likiwaka. Aliweka kidole katikati ya mchoro.

"Mmbone, hapa umeweka mti gani?"

"Murembe."

"Katikati?"

"Katikati."

Akawageukia wenzake. "Jameni, huyu mtoto anataka tukufe njaa! Chini ya murembe mtu hadanganyi. Sasa mbwa tutamuuzanga tukisema nini? Kwamba usiku analala?"

Walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Kisha wakaukunja mchoro, wakanirudishia. Hawakuwa wanatania. Mwalimu naye aliniambia nilete jibu jingine kabla ya muhula kufungwa, au nirudie mwaka ujao.

Nilifanya kazi ninayoijua: niliuliza upande wa pili. Siku ya soko iliyofuata nilisimama na wanunuzi. Mama mmoja kutoka Mukumu alikuwa amenunua mbwa mkali, yule mkali akaenda kulala na mbuzi. Nilipomweleza kuhusu murembe, alipaza sauti soko zima likasikia: "Upandwe hapo hapo! Na muuzaji aukumbatie, na miiba yake!"

Mabishano yaliyofuata yangekufurahisha. Nilisikiliza, nikachora upya nikiwa nimeketi juu ya kreti ya soda. Katikati nikaweka lusiola. Chini yake semeni mnavyotaka. Murembe nikausogeza mpaka langoni. Mnunuzi akishakubali bei, kabla hajatoka, ana ruhusa ya kumsimamisha muuzaji pale na kumuuliza swali.

"Moja," akasema Shivachi. "Si mawili."

"Na umri wa mbwa?" akauliza yule mama.

"Hilo ni la pili, mama."

Wakakubali. Mwalimu alisoma maelezo yangu, akauliza kama ni kweli, akavua miwani akacheka. Somo nimepita, Baba.

Miti tulipanda mvua zilipoanza. Shivachi mwenyewe alichomeka kijiti cha murembe langoni, akaushindilia udongo kwa kisigino, kisha akanishika mkono nisiondoke.

"Mimi ndio wa kwanza kuuliza. Hii shule, na umri huu, unasomea nini?"

Watu wengine wakiniuliza hivyo huwa najibu kwamba ni kwa ajili ya kazi. Jibu hilo linatosha popote pengine. Pale langoni nilijibu, "Nilitaka Baba awe na kivuli."

Hakuna aliyecheka. Shivachi alitazama koti lake kama aliyepoteza kifungo. Ndipo mbwa wake mmoja, wa kahawia kama wale wako, akasogea, akainua mguu, akaunywesha murembe wetu. Soko likapasuka kwa kicheko. Naamini mti huo utashika.

Mimi niko salama. Mama anakula vizuri na anagombana na redio. Pale ulipolala pako safi, na nyasi hukatwa bila mtu kukumbushwa.

Lala salama, Baba. Nakuahidi kumaliza na lile somo kuu, na joho nitakuja kukuonyesha kabla ya kulirudisha. Jingine ni hili. Yule mzee uliyemuuzia mbwa wetu Simba bado huja sokoni, na bado huuliza kama kweli Simba aliwahi kumkamata mwizi. Mimi nilimwona Simba akimkimbia ingokho, kuku wa Mama mwenye vifaranga, mpaka chini ya kitanda. Mzee akiniuliza tena, nakuahidi nitamshika mkono kwa heshima, nimtoe pale langoni, nimpeleke katikati, kwenye lusiola. Huko nitamsimulia vizuri.

Mwanao,
Mmbone