Jina Langu Liko kwa Lisansi ya Ndege

Mama Bibiane, mimi ni musikilizaji wa kipindi chako cha Jumapili hapa Bunia. Nimesikia shida za wengine miaka mingi, leo ni zamu yangu, na unisamehe kama maandiko ni mabaya, juu ninaandika na hasira. Ninaitwa Fanny, nina miaka makumi tatu na ine, ninafundisha mwaka wa tatu primaire, nina mume na watoto wawili. Siye ni watu wa Butembo, tulihamia hapa nikiwa mudogo, na baba alipokufa ni yaya yangu Liévin, kaka yangu mukubwa, aliyenisomesha mpaka nikapata diplome, kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa mutu wa kumuitikia yaya ndiyo, hata mbele hajamaliza kusema.

Yaya anafanya kazi ya mizigo ya ndege. Analeta vitu kutoka Entebbe, pikipiki, vitenge, dawa, kisha anapeleka kahawa na kakao. Miaka tatu iliyopita alikuja nyumbani na bahasha, akanieleza kwamba anafungua kampuni mupya, ndege ni ya wageni fulani wa ng'ambo, lakini serikali haitoi lisansi, ile ruhusa ya kubeba mizigo kuvuka mupaka, kama kampuni haina gérant, ni kusema musimamizi, mwana-inchi mwenye jina safi. Nikamuuliza kwa nini asiweke jina lake. Akasema jina lake litachelewesha mambo, juu kampuni yake ya kwanza ilinyanganywa lisansi. Alisema vile waziwazi, ndani ya nyumba yangu, akinywa chai yangu, na mimi sikuuliza ilinyanganywa kwa sababu gani. Akanionyesha mahali pa kuweka sinyatire, hapa na hapa, ni formalité tu, nami nikaweka, na nikafurahi hata, juu walimu wenzangu walianza kuniita madame gérante na mimi nikawaachia waniite.

Ile lisansi ilikuwa ya mizigo peke yake, hakuna mutu aliyeruhusiwa kupanda isipokuwa mapilote na fundi wao. Sikujua, juu sikusoma.

Mwaka jana, saa ya recréation, watoto wakicheza inje, mutu mumoja anaitwa Rodrigue alikuja kwa masomo, pale shuleni ninapofundisha, kunitafuta, inspecteur wa mambo ya ndege, mutu mutulivu, na kartable yake ya karatasi chini ya kwapa. Akaniambia lisansi yetu imekwisha tangu miezi mine, cheti kinachoonyesha ndege ni nzima hakijafanywa upya, na tena watu wanapandishwa juu ya mizigo kama mifuko. Akasema kwa karatasi zao mwenye kujibu si Liévin, ni mimi. Nikakimbia kwa yaya. Yaya akacheka, akasema yule anatafuta rushwa, na kesho yake akaniletea barua imekwisha kuandikwa kwa mashine, inayosema kwamba mimi, gérante, ninamushitaki Rodrigue kwa kuniomba rushwa mbele ya masomo. Mama Bibiane, yule mutu hakuniomba kitu, hata fanta directeur aliyomupa hakuifungua. Nikaweka sinyatire. Yaya alisema tusipomutoa yeye, atatutoa siye, na mimi nikaweka sinyatire.

Majuma mawili hayakupita, Rodrigue akasimamishwa kazi, na ndege ikapata karatasi mupya sijui kutoka wapi. Alirudi kwao Bogoro kulima. Nilikutana naye kwa soko, anauza maharagwe na muke yake, nikataka kugeuza njia lakini alikuwa ameisha kuniona. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza, "Madame, ile ndege ingali inaruka?" Nikajibu ndiyo. Akarudi kupimia watu maharagwe yake.

Mwezi wa nane, ndege ilitua hapa Bunia ndani ya mvua kali ya saa sita muchana, ikashindwa kusimama, ikapita mwisho wa piste, ile njia ya kutulia ndege, ikaingia kwa majani. Makasha ya pikipiki hayakufungwa. Watu sita walikuwa wameketi nyuma juu ya mizigo, na makasha yakawaangukia. Watano walitoka na mifupa imevunjika. Wa sita ni Aimée, mama wa watoto watatu, muuza vitenge, aliyekuwa anaogopa mitumbwi ya Kasenyi inayovuka ziwa na ndiyo maana alipanda ndege. Alikufa pale pale. Mapilote walitoka wazima, na siku ile ile wakavuka mupaka. Kwa manifeste, ile orodha ya vyote vilivyo ndani ya ndege, kuna makasha, kuna mabalo ya vitenge, kuna dawa, na hakuna jina la mutu hata mumoja.

Siku ya tatu ya kilio, matanga ya Aimée, maneno yakaanza kutembea kwa muji kwamba Aimée hakuwa ndani ya ndege, alikuwa anazunguka kwa piste, pengine alitaka kuiba mizigo iliyoanguka. Watu wakayarudilia pale pale kwa kilio, watoto wake wakisikia. Mimi nilijua maneno yametoka wapi siku ile yaya aliponiletea karatasi ya tatu. Inasema kwamba mimi, gérante, ninahakikisha kampuni haikubeba mutu, na yule mama alikutwa kwa piste bila ruhusa. Nikamuambia yaya, weye mwenyewe ulinipigia simu siku ile ukasema mama mumoja amefia ndani. Akaniangalia kama mimi ni mutoto anayemuchokesha.

"Aliyekufa amekufa," akasema. "Wakijua tulibeba watu, hawatanipa tena lisansi hata ya baisikeli."

Mama Bibiane, ni kitu hicho kinachomuumiza. Lisansi.

Kisha mume wa Aimée, Gauthier, anayeshona nguo, akafika kwa mulango wa darasa langu. Akaniuliza kama ni mimi gérante, nikasema ni mimi. "Sikuja kukupiga," akasema. "Nataka tu uniambie muke yangu alikuwa wapi." Na mimi, mwalimu, mama wa watoto, nikamuambia aende kuona avocat, wakili wa kampuni. Akasema asante, akaenda. Tangu siku ile sijalala vizuri.

Nimepata convocation, mwito wa parquet, ofisi ya mashitaka ya serikali, nifike Jumanne. Jamaa ilikutana kwa mama. Mama yetu, Emérance, ni muzee na anaugua moyo. Akalia, akasema yaya alitoa ujana wake kwa ajili yangu, na kama nitamupeleka yeye kwa gereza, siku atakufa nisifike kwa kilio chake. Wajomba wote wakakubali. Adrien, mume wangu, ananiambia hatanichagulia njia, lakini nikiweka sinyatire kwa karatasi ile ya tatu, hajui ataniangalia kwa macho gani.

Na haijaisha. Juzi mudogo wetu wa mwisho, Ketsia, ana miaka makumi mbili, anasoma hapa institut, akanipigia simu na furaha nyingi, kwamba yaya Liévin anamufungulia mulango, anamufanya gérante wa kampuni ingine, yeye ameisha kumupa yaya carte d'électeur yake, kadi ya kura, na ameweka sinyatire kwa karatasi ya kwanza. Jina mupya, mutoto mupya, wenye ndege ni wale wale. Nilitupa simu chini.

Sasa niambie, nifanye nini? Nikisema ukweli ninapoteza mama na yaya, na mimi mwenyewe naweza kufungwa, juu sinyatire zote ni zangu. Nikinyamaza, Aimée anabaki mwizi. Usifiche jina langu.

Fanny, mwalimu, Bunia.

MAJIBU YA MAMA BIBIANE

Fanny, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimukasirikia yaya yako. Mara ya pili nikakukasirikia weye, na hasira ile haijapoa, kwa hiyo vumilia.

Weye ni mwalimu. Mutoto akikuletea bulletin ya pointi zake na sinyatire ya baba aliyoiga, unamupeleka kwa directeur siku ile ile. Lakini weye ukaletewa karatasi inayokupa ndege nzima, ukaweka sinyatire kama mutu anayepokea barua ya posta. Kosa la kwanza naweza kulielewa, yaya alikulea, ulimuamini. La pili hapana. Ulijua Rodrigue hakuomba kitu. Ulimuondolea mutu mukate wake kwa uongo, kisha ukamuona anauza maharagwe, akakuuliza habari ya ndege, na bado ukanyamaza. Kama ungesema siku ile, Aimée angekuwa kwa meza yake ya vitenge leo. Sisemi hivi ili ulie. Ninasema juu hakuna mutu kwa jamaa yenu atakayekuambia.

Na siye wote wa muji huu tujikaripie. Tumezoea kusema karatasi za serikali ni za kutusumbua, na mara nyingi ni kweli, mimi pia nimesimama musitari siku nzima kwa muhuri mumoja. Lakini karatasi iliyoandikwa mizigo peke yake ilikuwa inamukinga yule mama. Cheti cha ndege kilikuwa kinamukinga. Rodrigue alikuwa anamukinga, na mukamufukuza. Yaya yako ameona mutu anakufa chini ya makasha, na kitu anachokililia ni lisansi. Mutu wa namna hiyo usimuachie dada mwingine.

Kwa hiyo anza na Ketsia, tena leo, si kesho. Mushike mukono muende kwa ofisi alikoweka sinyatire, aandike kwa mukono wake kwamba anajiondoa, akamate kopi yenye muhuri. Akilia, alie mbele yako. Akikuchukia, akuchukie akiwa huru.

Karatasi ya tatu usiweke sinyatire, lakini usiipasue pia. Iweke pamoja na ile barua juu ya Rodrigue na kila kopi uliyo nayo. Tafuta avocat wako, si yule wa kampuni. Kuna wanaosaidia walimu na wamama bila malipo, uliza kwa parokia yako watakuonyesha. Jumanne ufike na mume wako, useme yote tangu bahasha ya kwanza, pamoja na kosa lako. Usiseme "nilidanganywa" mahali ulipojua. Na barua ya Rodrigue uifute weye mwenyewe kwa maandiko, upeleke kwa ofisi yake, kisha umupelekee kopi huko Bogoro kwa miguu yako.

Wanaweza kukufunga, sitakuficha. Panga watoto watabaki na nani, pika chakula cha siku mbili, muambie directeur wa masomo mbele hajasikia kwa njia.

Mama yako usibishane naye. Mwenye ugonjwa wa moyo hahitaji makelele. Ukae karibu naye umuambie mara moja tu: mama, yaya hatafungwa kwa kinywa changu, atafungwa kwa matendo yake. Akikufukuza, toka, na dawa zake uendelee kumupelekea kama kawaida. Asipofungua, uziache kwa jirani.

Na Gauthier. Aliuliza kitu kimoja. Usiende kwake na unga wala na sabuni, usilie kumushinda yeye, usimuombe akusamehe. Mujibu alichouliza, kisha ukae kimya.

Wasikilizaji, nimuache Fanny kidogo, niseme na ninyi. Barua hii ilinifikia Alhamisi ya juma lililopita, na mambo ya Ketsia hayakuweza kungoja kipindi, basi nilimupigia simu nikamusomea majibu haya yote, hata matusi yake. Amekubali muyasikie leo, pamoja na yaliyofuata.

Ketsia alijiondoa Ijumaa, kwa machozi na makelele, na mpaka leo hasemi na dada yake. Jumanne Fanny alihojiwa tangu asubui mpaka saa tisa. Liévin alikuwa kwa koridori, akamugeuzia mugongo. Walimuachia Fanny arudi nyumbani kwa sharti la kuripoti kila Jumatatu, na Liévin akabakizwa ndani. Mama Emérance hajafungua mulango, dawa ziko kwa jirani. Rodrigue alipokea kopi yake, akaisoma akiwa amesimama kwa shamba, akauliza kama wenye ndege wameleta ingine. Kazi yake hajarudishiwa bado.

Kwa Gauthier, Fanny alikwenda Jumatano muchana. Alimukuta kwa mashine ya kushona, hakusimama kwa ajili yake. Fanny akasema muke yake alikuwa ndani ya ndege, alikuwa ameketi nyuma kama abiria, na kwamba ameisha kuandika vile kwa parquet na jina lake yeye Fanny liko chini. Gauthier akaondoa muguu kwa mashine. Akauliza kama maneno hayo yatasomwa mbele ya watu. Fanny akasema ndiyo, yatasomwa. Basi Gauthier akamuita binti yake mukubwa aliyekuwa anafua nyuma ya nyumba. Akafika na mikono ya sabuni.

"Rudilia," Gauthier akamuambia Fanny. "Rudilia na huyu asikie. Wanamuambia kwa masomo kwamba mama yake ni mwizi."

Fanny akarudilia, neno kwa neno.

Sasa Fanny, ninajua unasikiliza. Kesho ni Jumatatu. Unaripoti saa mbili, toka nyumbani mapema, na usiende peke yako.