Damu ya Mama Iliyopelekwa Nairobi

Poli, Meru, 9 Agosti 1957

Kaka Elirehema,

Shikamoo. Tumeanza kuchuma kahawa, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Mama alikuwa akisinzia mchana kutwa na kutetemeka baridi juani, hata nikamwita mvivu mbele ya wageni. Mwishowe tulimpeleka hospitali, na daktari akapeleka damu yake Nairobi, ikaonekana ina mafuta mengi, wanayoyaita kolesteroli.

Nikasema, "Basi ni siagi."

"Hapana," akasema daktari. "Tezi ya shingoni imelegea katika kazi yake. Mwili umepoa, haumalizi mafuta, naye anasinzia."

Ametumia vidonge vya tezi miezi mitatu. Jana alirudi migombani na mkungu kichwani. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini ni uvivu."

Mdogo wako akukumbukaye,
Tabea