Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Salamu za mapenzi zikufikie popote barua hii itakapokukuta, iwe mezani kwa wifi au mfukoni mwa koti lako la kazini. U hali gani? Mgongo je? Mara ya mwisho ulisema magunia ya unga yanakuonea, na baridi ya alfajiri inakuingia hadi kwenye meno. Nakuombea nafuu. Tafadhali vaa ile fulana nzito niliyokushonea, hata kama watoto wanasema inakufanya uonekane kama godoro.

Mimi mwili ni mzima. Kupika chakula cha mtu mmoja tu ndiko sijakuzoea. Bado nateleka sufuria ileile, kisha nashinda na kiporo. Wateja hawajanitupa. Wiki hii nimeshona sare za shule mpaka kidole gumba kimeota sugu mahali pa mkasi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu siku tuliyomzika baba umenyamaza, na waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakusema mtu angoje mshindo huo mpaka lini. Kitu cha mwisho nilichosikia kutoka kwako ni sauti yako kwenye simu ya binti wa mdogo wetu, ukiuliza mbele ya waombolezaji wote nani kaukata wimbo wa baba. Kisha ukasema tumemzika mzee kama bubu. Maneno hayo yameniuma, Kaka. Hayanitoki hata nikiwa nakanyaga cherehani.

Najua nawe ulikuwa na uchungu wako. Kumzika baba kwa kutazama kioo cha simu, umevaa aproni ya mwoka mikate, na mkubwa wa kazi anakuita, hilo simwombei hata adui. Sikulaumu kwa kutokuja. Lakini simu huonyesha pale tu inapoelekezwa, na yapo ambayo hukuyaona. Naomba uketi uyasome yote kabla hujakasirika tena.

Unakumbuka bendi ilivyokuwa ikifanya mazoezi chumba cha mbele, sisi tumelazwa nyuma ya pazia na hakuna anayelala? Nilikuwa najua nyimbo zote kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Juzi nilikuwa naimba ule wa "Kidosho wangu, nijibu kwa telegramu", binti wa mdogo wetu akaniuliza telegramu ni mtaa gani. Nilicheka nikajichoma sindano. Wewe mwenyewe unajua kwa nini tunamwita Redio: kazi yake ni utangazaji, na hata akiwa nyumbani hazimiki. Nilimweleza, naye akasema basi mapenzi ya zamani yalikuwa na kazi nyingi za ofisini.

Kwa hiyo usidhani nimezichoka nyimbo zile au naziona za kishamba. Nikizisikia namwona baba na suruali yake ya miguu mipana, shati limemlowa mgongoni, na mama amekaa karibu na jukwaa akijifanya hamjui. Maneno mengine yamezeeka, ni kweli, lakini hata sisi tumezeeka na bado tunasalimiwa.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe, "Mti wa Uani". Wewe na Redio mliubishania kwenye kundi la familia wakati baba bado yu mgonjwa. Wewe ulisema baba aliimba mti, hakuimba mtu, na kwamba wimbo ni wa wakati wake, usiguswe hata nukta. Redio akasema ubeti wa pili ni matusi kwa wanawake na wimbo wote ufungiwe. Mlirushiana maneno kutwa nzima. Nilikuwa nayasoma yote, Kaka, huku nimeshika bakuli la uji wa baba. Mlikuwa mnanizungumzia mimi kana kwamba simo kwenye kundi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Mti usiozaa, wa nini uani? Lete shoka, tupate kuni. Na ukumbi mzima unaitikia: Kata! Kata! Nani asiyejua kuwa mti ule si mti? Baba aliutunga mimi nikiwa bado naota meno, kwa hiyo sikuwa mimi akilini mwake. Lakini mkuki kwa nguruwe. Nilipoolewa na miaka ikapita bila mtoto, mashemeji zangu walikuwa wakiusikia redioni wanaongeza sauti. Mama mkwe hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alikuwa anaimba tu, anapeta mchele na kuimba, na sauti ya mume anayedai shoka katika wimbo ule ilikuwa sauti ya baba yangu.

Ulikuwa umeshaondoka niliporudi nyumbani. Baba alinikuta mlangoni na cherehani, akaibeba mwenyewe mpaka ndani ya chumba hiki ninachokuandikia. Hakuniuliza neno. Nami sikumwambia habari ya wimbo, kwa sababu ndio uliotusomesha, na kila alikokwenda watu waliutaka huo kwanza. Tuliishi hivyo, baba na binti, tukisemezana habari ya chumvi na ya mvua.

Kisha kiharusi kikamshika. Ubavu wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Akitaka maji hawezi kusema maji. Muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha viungo akatuambia wagonjwa wengine wa namna hiyo hushindwa kusema lakini huweza kuimba, basi tumwache aimbe. Na kweli, asubuhi moja namwogesha, nikaanza mimi, akadakia. Kaka, sauti ilitoka! Imepasuka, lakini ni yake. Nilikutumia ile sauti, ukaniandikia kuwa umelia kazini.

Sikukuambia ni wimbo gani uliokuwa ukimtoka mzima bila kukwama. Nyingine zilikuwa zikimkatikia njiani. "Mti wa Uani" aliuimba mwanzo hadi mwisho, kila asubuhi, wakati ninamsugua mgongo. Akifika ubeti wa pili mimi nakamua kitambaa kwa nguvu zote na kutazama ukuta. Ningemkatazaje? Ndiyo maneno pekee aliyobaki nayo mzee wa watu, ningemnyang'anya hata hayo?

Siku moja nilishindwa. Nililia, machozi yakadondokea kwenye beseni, naye akaniona. Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho lake moja lililokuwa zima. Nikapangusa uso nikamwambia ni sabuni.

Tangu kesho yake alianza kitu kipya. Anaimba ubeti wa kwanza vizuri, ukiisha tu, anainua mkono wa kushoto na kujivuta sikio, halafu anaguna guna kwa mdomo, tin-tin-tin, maneno hakuna. Mimi nikadhani sikio linamuuma. Nikamtia mafuta ya vuguvugu. Nikamziba pamba. Akavuta tena, nikampeleka zahanati, wakalisafisha, wakasema sikio ni safi kuliko letu sote. Nikirudi naye nyumbani anavuta tena, na nikileta mafuta anatikisa kichwa kwa hasira mpaka mafuta yanamwagika na shuka linalowa. Nilimgombeza, Kaka. Nilimwambia, "Baba, acha kuchezea sikio, utalichuna." Akanitazama, akavuta tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto herufi. Aliendelea hivyo mpaka sauti yenyewe ilipokwisha.

Alipofariki, mpiga gitaa wake, Mzee Nyuzi, alikuja kukaa nami sebuleni, siku moja kabla ya maziko. Tukawa tunasimulia habari za marehemu kama watu wanavyofanya msibani. Nikamweleza kichekesho cha sikio na mafuta, nikidhani atacheka. Aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kofia.

"Sindano mwanangu," akaniambia, "hilo halikuwa sikio. Hiyo ilikuwa amri."

Akanieleza. Jukwaani ngoma zinapiga, mwimbaji hawezi kupaza sauti kuwaambia wenzake kitu, kwa hiyo baba alikuwa na ishara zake. Akijigusa utosi, bendi inarudi mwanzo. Akijivuta sikio, maana yake ruka ubeti unaofuata, ingia moja kwa moja kwenye chemko, pale magitaa yanapochachamaa na watu kusimama kucheza. Ile tin-tin-tin aliyokuwa akiifanya kwa mdomo ni gitaa la Mzee Nyuzi. Baba alikuwa akiutazama ukumbi kwanza, na akimwona mtu ambaye ubeti fulani ungemchoma, anavuta. Nikamuuliza Mzee Nyuzi kama baba aliwahi kuvuta kwenye "Mti wa Uani". Akasema hata mara moja. Ubeti ule ndio watu walioufuata, hakuthubutu kuwanyima.

Sasa fikiri, Kaka. Baba hakuwa na neno hata moja la kuniambia, akanitafutia hilo. Kila asubuhi aliniambia, nami kila asubuhi nikamtia mafuta. Amekufa akidhani binti yake hakumwelewa, na kweli sikumwelewa. Hilo ndilo linaloniliza sasa, kuliko mashemeji na redio yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo sikulaumu kwa kutolijua, nilikuwa sijakuambia.

Siku ya maziko bendi ilipiga uani kwetu, wale waliobaki, wazee watano na vijana wa kuwashika mikono. Waliimba ubeti wa kwanza na watu wote wakaimba nao, nami niliimba. Nikawaona wanavuta pumzi tayari kuitikia kata. Mzee Nyuzi alikuwa ananitazama. Nikainua mkono nikajivuta sikio.

Na bendi nzima ikatii, Kaka! Wazee wale hawakuulizana. Wakaruka ubeti, wakaingia kwenye chemko, na uani kukachangamka kwenye msiba kuliko ambavyo ingefaa. Wewe ulisikia wimbo umekatwa. Swali lako limejibiwa: aliyekata ni mimi. Lakini amri ilikuwa ya baba mwenyewe, mimi niliipitisha tu, tena nimechelewa.

Redio naye ananipa kazi. Anataka kueleza redioni kwa nini wimbo usipigwe tena, akaniomba niende nikasimulie. Nimemkatalia. Nimemwambia sauti ya baba asiifungie kabatini, kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo, na santuri yenyewe hupiga beti zote, nzuri na mbaya, nami hukaa nikazisikiliza zote. Amenuna, lakini atakunjua uso. Wewe nawe ukitaka kuimba wimbo mzima huko uliko, imba. Sina ugomvi na wimbo. Nilitaka tu ujue kuwa kabla hajafa, mtunzi aliupitia tena.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie vitambaa alivyotuma nimevipata na vile vya maua nimejichagulia bila aibu. Wabusu watoto, hasa yule kitinda mimba anayependa kupiga sufuria. Mwambie shangazi anasema mwache apige. Mdogo wetu anakusalimu, mumewe pia. Mzee Nyuzi anasema mkono unamtetemeka lakini bado anakumbuka ulivyokuwa ukimwibia nyuzi utengenezee mtego wa panya.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri mchana maana usiku hulali, na akulainishie moyo kidogo.

Ukishasoma, nipigie. Usinieleze habari ya lugha ya zamani wala ya sasa, tumezisikia zote. Niulize tu nimekula nini. Wimbo ule una watu wengi wa kuutetea, Kaka. Mimi nilikuwa na baba, na sasa nina wewe.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda hata ukininunia,

Sindano.