Leso Kavu ya Ijumaa Kuu

Bi Traudel mpendwa,

Nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana dada yangu Annelore ameshanicheka vya kutosha na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, naishi mji mdogo wa Torgau, na kila Ijumaa Kuu nakwenda kanisani kusikiliza kwaya ikiimba Mateso ya Bwana Yesu, yale ya kizamani yenye fidla na filimbi na kinanda, saa tatu nzima kwenye benchi gumu la mbao, na kila mwaka, ikifika pale Petro anapomkana Bwana na jogoo anawika na yule mama mwenye sauti nene anaanza wimbo wa toba, mimi nalia. Nalia mpaka mabega yanatikisika, nimefumba macho tangu sauti ya kwanza ya wimbo hadi ya mwisho, namlilia mume wangu Dietmar, kwa sababu kwenye mazishi yake sikutoa hata chozi, niliduwaa kama gogo, na Ijumaa Kuu iliyofuata wimbo ule ndio ulionifungua.

Sasa, jirani yangu kwenye benchi hilo ni Bwana Oehme, mstaafu wa reli, mgane, marehemu mkewe alikuwa akiimba kwenye kwaya hiyohiyo, na mwaka ule wa kwanza aliponiona nalia alitoa mfukoni leso nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, akanipa. Siku hizi nani bado anatembea na leso ya kitambaa? Jumatatu ya Pasaka nikamrudishia, nimeifua na kuipiga pasi, nikaongeza na keki, tukanywa kahawa kwake. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na mpaka leo yeye kwangu ni Bwana Oehme na mimi kwake ni Bi Kretzschmar, majina ya ukoo tu, hapo hatujavuka. Ni mtu mpole, msafi kupita kiasi, kasoro yake ni mafua tu, kila Ijumaa Kuu lazima yamshike, wimbo ule ukiendelea namsikia anavuta kamasi na kujifuta kwa mkono wa koti, mtu mzima vile, lakini namvumilia.

Mwaka huu jogoo akawika, mama akaanza kuimba, na mimi macho makavu! Nikajibana, nikamwaza Dietmar hospitalini, wapi. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kama niweke zabibu kavu kwenye keki ya Jumatatu au nisiweke, maana mwaka jana Bwana Oehme alizichokoa zote akazipanga pembeni ya sahani. Na leso ilikuwa imeshanifikia mkononi. Ningefanya nini? Nikajifunika uso, nikatikisa mabega. Ndani ya nyumba ya Mungu, Ijumaa Kuu, nikaigiza kilio! Kengele zikalia, tukatoka kimya bila makofi kama ilivyo desturi, na mlangoni Bwana Oehme akaniinamishia kichwa kwa huruma, nikatamani ardhi ipasuke.

Jumatatu sikwenda. Nilimtuma Annelore akaseme mgongo unaniuma. Aliporudi akaniambia, "Ichovye kwenye maji ya chumvi, dada, umalize kesi!" Leo ni wiki ya tatu, leso iko kwenye droo, na juzi nimekuta fungu la figili za bustani yake limewekwa mlangoni kwangu. Nimwambie ukweli? Naogopa kwamba nimemsahau Dietmar. Na naogopa kwamba nisipolia hakuna leso, na bila leso sina sababu ya kwenda kwa Bwana Oehme.

Mwenye macho makavu, Torgau

*Bi Traudel anajibu:*

Mdogo wangu, uliniomba nisubiri mpaka mwisho ndipo nicheke. Nilishindwa pale kwenye zabibu. (Majina nimeyabadili, ingawa kwa mji kama wenu haitasaidia kitu.)

Kwanza tuondoe hilo la dhambi. Unadhani umeigiza peke yako? Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kwetu miaka thelathini na minne, na kutoka kule juu kwenye roshani ya kwaya tunawaona nyote. Kuna wanaolia kweli, kuna wanaosinzia tukadhani wanasali, na kuna yule anayefungua pipi ya kikohozi polepole, akiamini kwamba akienda polepole hatumsikii. Mungu ameshawazoea.

Dietmar hujamsahau. Umelia ukamaliza, basi. Aliyeugua akapona haombi radhi kwa kupona. Wimbo ulikufungua ukalia, mwaka huu umekuacha uwaze keki, na keki yenyewe ya nani? Mwanamke anayejua mzee gani anachokoa zabibu hana haja ya kuniandikia kurasa nne aulize amepatwa na nini.

Ila kuna jambo limenikera, na hapa nitakugombeza. Mafua! Mafua gani hayo, bibie, yanayomshika mtu mara moja kwa mwaka, wimbo mmoja tu, ukiisha kapona? Mkewe alikuwa akisimama pale mbele yake, akiimba na kwaya hiyohiyo. Wewe miaka yote hiyo umefumba macho ukilia ya kwako, hata siku moja hukugeuza shingo. Jiulize, mtu anayepiga pasi leso mpaka inanyooka anajifutaje kwa mkono wa koti? Nilipofika hapo kicheko kiliniisha. Anajifuta kwa koti kwa sababu anatoka nyumbani na leso moja, na hiyo moja anakupa wewe.

Basi fanya hivi. Jumatatu hii oka keki, zabibu usiweke. Chukua leso kama ilivyo, usiichovye popote, na Annelore abaki nyumbani. Mwambie, "Bwana Oehme, mwaka huu sikulia." Kisha nyamaza unywe kahawa, umwache naye aseme. Akikuuliza uliwaza nini, mwambie zabibu. Na hilo la kuitana kwa majina yenu ya kwanza, anza wewe. Mtu wa reli hajongei mpaka apewe ishara.

Mwakani nenda na leso yako mwenyewe, nyeupe, iliyopigwa pasi. Jogoo akiwika, usifumbe macho. Mgeukie, umpe. Sasa ni zamu yake kulia.