Nani Atawajibu Watoto Mlangoni

Bonde la Waiahole,
Oahu, Hawaii.
Jumapili, 3 Juni.

Mpendwa Shangazi Ululani,

Joto la Las Vegas linakutendaje, na goti lako je? Mjomba Kaleo bado yuko kazini hotelini? Na mwanenu Kahiau ameshaota tena meno ya mbele? Sisi ni wazima. Bibi anakohoa, lakini poi yake ya magimbi anakula, na akishashiba anagombeza watu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Uliniuliza shule ninayofanyia ukarani ni ya namna gani, na kama mkirudi Agosti Kahiau atapata nafasi. Barua hii nimeianza na kuichana, Shangazi. Naogopa kukujibu vibaya.

Shule yetu ni ya umma, haina ada wala haichagui mtoto. Tofauti yake ni kwamba inaendeshwa kwa mkataba: inaachwa huru kufundisha kwa njia yake, na tume ya shule za mkataba isiporidhika, mkataba hauongezwi. Sisi tuliahidi kwamba mtoto atasoma kwa lugha ya wazee wake na kwa ardhi yao. Hesabu wanajifunza kwa kupima maji yanayoingia kwenye shamba la magimbi. Historia wanamuuliza Bibi, ingawa Bibi huongeza chumvi.

Kila asubuhi watoto husimama nje na kuimba, wakiomba ruhusa ya kuingia. Kumu Lahapa, mwalimu mkuu, huwajibu kwa wimbo kutoka ndani. Wakiimba kivivu, ananyamaza mpaka waanze upya. Husema elimu ni nyumba yenye wenyewe, huingii bila kupiga hodi.

Machi walikuja wakaguzi wa tume. Kumu aliwasimamisha nje kwenye manyunyu, akaimba yeye kwa niaba yao ule wimbo wa kuomba. Watoto walikuwa ndani ili wajibu. Wakaona haya, wakawa wanasukumana nani aanze.

"Mama, hapa hakuna mkubwa?" akauliza mkaguzi mmoja, koti limelowa.

"Wakubwa ndio hao wanaosukumana, baba. Vumilia, mvua yetu haiui mtu."

Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini si mvua iliyotuangusha. Simu ya tume niliipokea mimi: mkataba hauongezwi, watoto waliobaki ni wachache mno. Na ni kweli. Nyumba hapa hazishikiki kwa bei, watu wanahama. Sikulaumu, Shangazi, tafadhali usinielewe hivyo. Ila waliokuwa wakikalia viti vyetu wengi wako huko kwenu. Kama mnarudi kwa ajili ya shule, basi msikate tiketi. Haipo tena.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Kumu hakuingia ndani, alisimama nje pamoja na watoto.

"Kamalei, ingia wewe ukajibu."

"Kumu, mimi karani tu. Sauti itakatika."

"Ikikatika watasubiri, wamezoea. Nenda, mwanangu. Miaka yote nimekuwa ndani, leo na mimi nataka kuomba."

Waliimba kama sijawahi kuwasikia. Mimi nyuma ya mlango nilijua kwamba nikijibu wataingia, na wakiingia, siku yetu ya mwisho itaanza kwenda. Nikanyamaza. Nikasikia mtoto ananong'ona, "Amelala huyo?" Mwenzake akamjibu, "Labda anakula." Wakacheka, kisha wakaanza upya, kwa nguvu zaidi, wakidhani kosa ni lao.

Hapo nikajibu. Sauti ilikatika kweli. Waliingia hivyo hivyo, na Kumu nyuma yao, amevua viatu kama wao.

Nisalimie Mjomba, na umwambie Bibi hajasahau ule wavu wake aliouazima. Bibi anawaombea muamke salama kila siku, popote mtakapoamkia.

Ombi langu ni moja. Ule wimbo wa kuomba kuingia unaujua, mfundishe Kahiau. Siku mtakayorudi, hata iwe lini, asimame nje ya mlango wa Bibi auimbe. Asiogope nikichelewa kidogo. Nitajibu.

Wako akupendaye na kuwangoja,
Kamalei